Icon of the Seas au MSC World America: usiku saba kutoka Miami, pesa inakwenda wapi?

Kila Jumamosi jioni Miami hung'oa nanga meli za kitalii zinazoelekea Karibi, na mbili kati yake ndizo zinazoulizwa zaidi: Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, na MSC World America ya kampuni ya MSC. Zote ni za usiku saba. Bandari kama Cozumel ya Mexico na Roatán ya Honduras zimo kwenye ratiba za zote mbili, na kila kampuni ina kisiwa chake kule Bahamas. Lakini fungua bei za wiki ileile, chumba cha aina ileile, na mara nyingi utakuta Icon inauzwa karibu mara mbili ya mwenzake.

Maoni yangu nayaweka mezani mapema. Icon inastahili bei yake kwa familia yenye watoto wa miaka minne hadi kumi na minne hivi, watoto watakaoshinda kwenye maji kutwa kucha. Kwa wengine karibu wote, World America inatosha, na inabakiza fedha ya maana, mradi ujue mapema mahali inapokwama. Yanayofuata ni sababu.

Ukubwa na msongamano

Icon ilijengwa na Meyer Turku kule Finland, ikaanza kubeba abiria Januari 2024. Ina tani za ujazo 248,663, urefu wa mita 365 hivi, vyumba 2,805 na wafanyakazi 2,350. World America ilitoka Saint-Nazaire, Ufaransa, kwenye karakana ya Chantiers de l'Atlantique, ikazinduliwa Miami Aprili 2025. Yake ni tani 216,638, mita 333, vyumba 2,614 na wafanyakazi 2,138. Zote zinatumia gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika.

Tani za ujazo si uzito wa meli. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani yake, kwa hiyo ukizigawa kwa idadi ya watu unapata picha ya jinsi mtakavyobanana. Icon ikijaa pomoni hubeba watu 7,600, kila mmoja akapata tani 32.7. World America ikijaa hubeba 6,762, kila mmoja tani 32. Kwa upande wa wafanyakazi, kote kuwili ni abiria watatu na kitu kwa mhudumu mmoja. Basi wakala akikwambia Icon haina msongamano kwa kuwa ni kubwa zaidi, hizo hesabu hajazifanya.

Kinachotofautiana ni mpangilio. Icon imegawanywa mitaa minane, na ugawaji wenyewe una akili. Wenye watoto wadogo wamewekewa mtaa wao upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, uitwao Surfside: mabwawa mafupi ya watoto, bwawa la wazazi hatua chache kutoka hapo, pembea za kuzunguka, na mkahawa usiolipiwa. Mzazi akishafika pale asubuhi hana haja ya kupanda lifti mpaka jioni, na hapo ndipo umati unapopungua kwingineko. World America nayo ina mitaa saba kwenye ramani, lakini siku ya baharini karibu kila mtu huelekea bwawa kuu lilelile. Ikifika saa nne asubuhi viti vya kujilaza vimekwisha, na nusu yake vimelaliwa na taulo tupu. Dawa yake ni kwenda juu kabla ya saa tatu, au kuhamia Zen Area iliyo tezi, ambayo ni ya watu wazima tu na watu wengi hawaigundui hadi siku ya nne.

Hesabu ya familia ya watu wanne

Chukua mfano wa kukadiria: baba, mama, mtoto wa miaka tisa na wa miaka sita, chumba kimoja chenye roshani, wiki isiyo ya sikukuu. Tuseme Icon imetoka dola 7,600 pamoja na kodi za bandari, na World America dola 4,200. Pengo hilo si la kushangaza. MSC mara kwa mara huwapa watoto walio chini ya miaka 18 nafasi ya kulala chumba cha wazazi bila nauli, wakalipiwa kodi na bakshishi peke yake. Royal nayo ina ofa za watoto, lakini kwa Icon wiki nyingi nzuri haziingii.

Ongeza bakshishi. Inaongezwa kwenye bili yako kila siku. Royal hutoza dola 18.50 kwa kichwa kwa siku katika vyumba vya kawaida, mtoto na mtu mzima sawa. Watu wanne kwa siku saba ni dola 518. MSC hutoza dola 16 hivi kwa mtu mzima na nusu ya hapo kwa mtoto wa miaka 2 hadi 11, yaani dola 336 kwa familia ileile. Sasa Icon imefika 8,118 na World America 4,536. Pengo ni zaidi ya dola 3,500, au dola 500 kwa kila siku ya safari. Kwa aliyeko Marekani, hizo zinakaribia tiketi mbili za kwenda na kurudi Nairobi au Dar es Salaam. Ndiyo maana hesabu hii si ya kuipita juujuu.

Kuna gharama zinazosogeza pengo kidogo. Chakula cha bure cha World America hakifikii cha Icon kwa uchaguzi, kwa hiyo weka akiba ya chakula cha jioni cha kulipia mara mbili, tuseme dola 250 hadi 300 kwa familia. Upande wa pili, Icon ina vishawishi vingi zaidi vya kulipia, hasa kisiwani. Mwisho wa safari pengo linabaki palepale au linakua.

Vinywaji ndivyo vinavyowaumiza watu. Kote kuwili mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, wazima wote wa chumba hicho hutakiwa kununua. Anayekunywa sana na asiyekunywa kabisa wakilala chumba kimoja, wanalipa viwili. Kama nyumba yenu hainywi pombe, kifurushi hicho hamkihitaji: maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi vimo kwenye nauli. Royal inaruhusu kila chumba kupanda na makopo au chupa 12 za vinywaji visivyo na kilevi siku ya kwanza, zikiwa kwenye mzigo wa mkononi. MSC ni kali zaidi kwa jambo hili. Kwenye Icon, kila kinywaji na kila mlo wa kulipia huongezewa asilimia 18 ya huduma, kwa hiyo bei ya kwenye orodha siyo bei utakayoikuta kwenye bili.

Namna ya kununua pia inatofautiana. Icon hupanda bei kadiri inavyojaa, hivyo inunuliwe mapema, hata mwaka mmoja kabla. Malipo ya mwisho ya safari za usiku saba ni siku 90 kabla ya kuondoka. Hadi tarehe hiyo, bei ikishuka mpigie wakala akubadilishie. Vifurushi vya vinywaji na intaneti vinunue kwenye akaunti yako kabla ya safari, na vikishuka bei vifute ununue upya. World America ni kinyume chake: ofa hutoka hadi wiki za mwisho, hasa Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Sehemu kubwa ya kipindi hicho imo ndani ya msimu wa vimbunga, ambao huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30. Meli haitaingia ndani ya kimbunga, lakini nahodha anaweza kubadilisha bandari zote bila kukurudishia nauli. Nunua bima ya safari.

MSC pia ina ngazi za tiketi ambazo Royal haina, na wengi hujikwaa hapo. Bella ndiyo ya bei ya chini: kampuni inakuchagulia chumba na muda wa chakula cha jioni. Fantastica unachagua mwenyewe. Aurea inaongeza vyumba vya mvuke na joto na uhuru wa muda wa kula. Tofauti ya Bella na Fantastica ikiwa dola mia moja au chini yake kwa mtu, lipa. Bella imewahi kuwapa watu chumba kilicho chini ya bufe, ambako viti huanza kukokotwa alfajiri.

Juu ya zote iko Yacht Club, na hapa ndipo World America inapoipiku Icon waziwazi kwa wenzi wasio na watoto. Ni sehemu ya upande wa omo, yaani mbele ya meli, yenye mlango wake, bwawa lake, mkahawa wake, mhudumu wako binafsi, vinywaji na intaneti vikiwemo. Kuna wiki ambapo watu wawili Yacht Club hulipa kiasi kinachokaribiana na chumba cha kawaida chenye roshani kwenye Icon pamoja na vinywaji. Huduma ya aina hiyo kwenye Icon iko kwenye vyumba vya hadhi ya juu, na bei yake ni ya dunia nyingine. Kabla hujalipa chumba chochote cha Icon, angalia Yacht Club ya wiki hiyohiyo.

Watoto wanafanya nini kutwa

Hapa Icon haina mpinzani. Juu kabisa kuna mtaa wa Thrill Island wenye mitelezo sita ya maji, yote bure. Miwili ni ya familia, mnakaa wanne kwenye boya la duara. Miwili ni ya mashindano, mnalala kifudifudi juu ya mikeka mkikimbizana. Mmoja una mteremko wa digrii 66 bila paa juu yako, na mwingine, Frightening Bolt, unaanzia ndani ya kibanda: unasimama mikono umeikunja kifuani, visigino pamoja, sakafu inaondoka chini ya miguu. Anayeachanisha miguu hupigwa na maji vibaya. Mwambie mtoto hivyo kabla hajapanda ngazi, kwa sababu juu kule kuna kelele na hatasikia.

Urefu unapimwa kwa ukali: inchi 42 hadi 48, yaani sentimita 107 hadi 122, kutegemea mtelezo. Mtoto wa sentimita 105 atakataliwa hata alie. Mpime nyumbani bila viatu kabla hujalipa mamia ya dola kwa ajili ya mitelezo hiyo. FlowRider, lile wimbi la kuchezea ubao, linataka inchi 52 kwa kulala na 58 kwa kusimama.

Foleni siku ya baharini mchana huweza kufika dakika 40 kwa mtelezo mmoja. Siku ya bandari, wengi wakishashuka, au saa ya mwisho kabla ya kufunga, unapanda na kurudi bila kusubiri. Kuna familia ambazo hukaa melini makusudi meli ikiwa Cozumel, na kwa bei ya Icon huo si uvivu, ni matumizi mazuri ya nauli.

World America ina eneo liitwalo The Harbor: uwanja wa kupanda, njia ya kamba za juu, mitelezo ya maji, na bembea ya Cliffhanger inayokurusha nje ya ukingo wa meli, mita 50 hivi juu ya bahari. Ina pia mtelezo mkavu wa kushuka sitaha kumi na moja hadi Promenade, barabara ya matembezi ya meli. Kwa kijana wa miaka kumi na tano inatosha kabisa. Kwa mtoto wa miaka mitano ina kitu cha siku mbili tatu, si saba. Michezo ya kielektroniki, magari ya kugongana na mitambo ya kuiga magari ya mashindano hulipiwa kila mara, kwa hiyo wawekee watoto kikomo kwenye kadi zao tangu siku ya kwanza. Inafanyika kwenye dawati la wageni kwa dakika tano.

Watu wazima, muziki na maonyesho

Maonyesho ya Icon ni ya daraja la juu: ukumbi wa barafu, mchezo mzima wa muziki wa Broadway, na AquaDome, ukumbi wa kioo upande wa omo wenye maporomoko ya maji ya futi 55 ambapo wapiga mbizi hujirusha kutoka juu. Tatizo ni nafasi. Weka nafasi kwenye programu ya simu mara tu inapofunguliwa, maana siku ya kupanda yenyewe huwa zimeisha. Ukikosa, nenda mlangoni nusu saa kabla. Dakika kumi kabla ya kuanza huwaingiza wasio na nafasi kujaza viti vilivyobaki, na mara nyingi vipo.

Anayetafuta utulivu kwenye Icon atahangaika. The Hideaway, bwawa la watu wazima linaloning'inia tezi, lina didijei na ngoma hadi jioni. Cloud 17 ni tulivu zaidi lakini ni ndogo. Kwa jambo hili World America ni bora: Zen Area, Panorama Lounge, na Promenade iliyo wazi angani ambapo meli imegawanyika nyuma kama uma na unaona mkondo wa maji kati ya kuta mbili za vyumba. Jioni upepo wa bahari unapita hapo, na kukaa ni bure.

Chakula

Kwenye Icon unaweza kula wiki nzima bila kulipa senti na usirudie mahali zaidi ya mara mbili: ukumbi mkuu wa chakula, bufe ya Windjammer, vibanda vitano vya AquaDome Market, mkahawa wa Surfside, Park Cafe, tako za El Loco Fresh na piza hadi usiku wa manane. Windjammer ni ndogo kwa watu wote hawa, usiende saa tatu asubuhi. AquaDome Market saa hizohizo ina nafasi tele. Wali na mchuzi wa Kihindi mara nyingi upo kwenye bufe, na ukumbi mkuu ukimwambia mhudumu usiku wa kwanza kwamba unapenda chakula cha Kihindi, jikoni watakuandalia kwa siku zinazofuata. Kwa mtu aliyezoea pilipili na bizari, hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika.

World America inapika vizuri inapobaki Italia. Piza ya bufe ni nzuri kweli, tambi zinaiva inavyotakiwa. Nyama za ukumbi mkuu ndizo zinazokuja baridi au zimekauka, na huduma ni ya polepole. Chakula cha jioni kuchukua muda wa saa mbili si ajabu. Ukiwa na watoto wenye usingizi omba zamu ya mapema. Kahawa nzuri inauzwa. Ukilipia mahali pamoja tu, ningesema Butcher's Cut kwa nyama au Eataly kwa chakula cha Kiitaliano, na ununue mapema mtandaoni, kwani bei ya melini huwa juu.

Kuhusu halali, usitegemee neno la wakala. Iandikie kampuni kabla ya malipo ya mwisho, upate jibu la maandishi, kisha siku ya kwanza muone msimamizi wa ukumbi wa chakula na jibu hilo mkononi. Samaki, mayai na mboga vipo kila mlo kote kuwili, ila asubuhi kikaango cha mayai hukaangia pia nyama ya nguruwe. Mwambie mpishi achukue kikaango kingine, na kwa kawaida hufanya hivyo bila maneno. Kwa sala, dira ya simu hudanganya ndani ya meli kwa sababu ya chuma. Tazama ramani ya safari kwenye televisheni ya chumbani ujue omo imeelekea wapi, kisha pima kutoka hapo: ukiwa karibu na Miami, kibla ni kaskazini-mashariki, digrii 56 hivi kutoka kaskazini.

Visiwa viwili

CocoCay ya Royal ilifunguliwa upya 2019 baada ya kutiwa dola milioni 250. Bwawa kubwa la Oasis Lagoon, fukwe za Chill Island na South Beach, na chakula cha mchana vimo kwenye nauli. Bustani ya mitelezo, puto la kupaa angani, Hideaway Beach ya watu wazima na Coco Beach Club vinalipiwa, na bei za bustani ya maji huruka kutegemea wiki. Familia ya wanne inaweza kuacha mamia ya dola pale kwa siku moja. Na kama mmepanda Icon, mitelezo sita ya bure mnayo melini. Pale kisiwani bakieni kwenye bwawa na ufuko.

Ocean Cay ya MSC ni jambo jingine kabisa. Zamani palikuwa machimbo ya mchanga, pakasafishwa na kufunguliwa Desemba 2019 pakiwa na fukwe nane na eneo la bahari lililohifadhiwa kuzunguka. Hakuna mitelezo. Maji ni ya rangi ile ya Nungwi wakati wa bamvua, mchanga mweupe, na meli mara nyingi hukaa hadi usiku, taa za mnara zikiwashwa na muziki kupigwa ufukweni. Kwangu mimi hicho ndicho kisiwa bora kati ya viwili hivi, na anayependa bahari zaidi ya plastiki atakubali. Vaa viatu vya maji, kuna sehemu zenye mawe.

Vyote viwili vina gati wazi kwa upepo. Upepo ukizidi nahodha hafungi gati, na Ocean Cay hukumbwa na hilo mara nyingi, hasa miezi ya baridi. Usiweke harusi au sherehe kubwa siku hiyo.

Chumba na kulewa bahari

Anayelewa mawimbi achague chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Tezi na omo huchezacheza zaidi, hata kwenye meli ya mita 365. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla meli haijaondoka. Ukishaanza kutapika haisaidii sana.

Fungua ramani ya sitaha uone kilicho juu na chini ya chumba chako. Salama ni vyumba juu na vyumba chini. Roshani zinazotazama Central Park ya Icon, bustani iliyo katikati ya meli, ni tulivu, zina miti na sauti za ndege zilizorekodiwa. Zinazotazama Surfside zina watoto na muziki tangu asubuhi. Kwenye World America, roshani zinazotazama Promenade ni za bei nafuu na zinapendeza kwenye picha, lakini usiku kuna dansi chini yake hadi saa sita na zaidi. Lipia ya kutazama bahari.

Pasi, birika la umeme, udi, ubani na mishumaa havipandi kwenye meli yoyote kati ya hizi. Vitachukuliwa mlangoni na utarudishiwa siku ya mwisho, kama vitarudi. Royal imepiga marufuku pia nyaya za kurefusha umeme zenye matundu mengi. Kuta za chumba ni za chuma, kwa hiyo ndoano za sumaku zinashika, nazo ndizo zitakazokuokoa na kofia, kanga na nguo za kuogelea za watu wanne.

Karatasi

Raia wa Marekani kwenye safari inayoanza na kuishia Miami anaweza kusafiri na cheti cha kuzaliwa au cha uraia pamoja na kitambulisho chenye picha, ila pasipoti ni salama zaidi: ukiachwa na meli Honduras utarudi kwa ndege, na ndege inataka pasipoti. Mwenye green card abebe kadi pamoja na pasipoti ya nchi yake, halafu aangalie kila bandari inamtaka nini. Anayetoka Kenya au Tanzania kuja kupanda meli ahakikishe visa yake ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwani meli ikirudi Miami anahesabiwa kuingia upya. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe barua ya ridhaa iliyothibitishwa na mthibitishaji wa nyaraka.

Fika Miami siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haisubiri. Sanduku unalokabidhi gatini huweza kufika chumbani saa moja usiku, hivyo pasipoti, dawa, nguo za kuogelea na chaja vikae mkobani. Icon hukuruhusu kuchagua saa ya kupanda siku 45 kabla. Chagua ya mapema, mitelezo siku hiyo haina foleni.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango kabla ya saa tano, yanachukuliwa, na utayaona tena ukumbini bandarini. Kila safari kuna mtu anayefungia humo suruali yake ya kesho na viatu vyote. Ukibeba mzigo wako mwenyewe unashuka tangu saa moja asubuhi. Ndege ya kutoka Miami usiiweke kabla ya saa tano asubuhi, na ya Fort Lauderdale kabla ya saa sita mchana.